Nimejaribu soli tano za kuteleza kwa fundi mmoja wa Moshi, nimebaki na moja

Mimi nafundisha maharusi kucheza. Ukimwona bwana harusi hapa Moshi anafungua muziki na mkewe bila kumkanyaga gauni, na wapambe wanaingia ukumbini kwa mstari mmoja na kugeuka pamoja, ujue kuna mtu alikaa nao wiki sita, jioni kwa jioni, akiwahesabia moja mbili tatu nne. Kazi hiyo naifanya mwaka wa 11 sasa, na iliyoniumiza si miaka, ni viatu.

Kumbi zetu nyingi sakafu ni vigae. Vigae vinang'aa, watu wanadhani vinateleza, lakini vaa raba yenye soli mpya ya mpira halafu jaribu kugeuka juu ya mguu mmoja. Mguu unabaki pale pale kama umegandishwa, mwili unakwenda. Kilicho katikati ya mguu na mwili ni goti. Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa namwonyesha bwana harusi mmoja namna ya kumzungusha mwenzake kwenye rumba, nimevaa raba nyeupe nilizozipenda sana, nikasikia ndani ya goti la kulia kitu kimelia kama kijiti kikavu. Daktari akaniambia gegedu limechanika kidogo, nipumzike miezi miwili. Nilipokuwa naaga, akaniuliza: "Mama, kazini unavaa viatu gani?"

Miezi ile miwili sikucheza, lakini sokoni nilikwenda. Kiboriloni, kwenye marobota ya viatu vya mitumba, nikaokota viatu vyeusi vya kamba, vyepesi kama kandambili, kisigino kifupi. Nikavigeuza kutazama soli, kama tunavyofanya wote, nikakuta chini hakuna mpira wala plastiki. Kuna ngozi laini yenye vinyweleo, kama mgongo wa blanketi, imechakaa mbele tu, chini ya dole gumba. Muuzaji alikuwa anaviona vimeharibika. "Dada, hivyo soli imeisha, nakupa kwa elfu nane." Nikalipa. Nyumbani nikavivaa juu ya vigae vya sebuleni, nikageuka kidogo kidogo kwa kuogopa goti, na mguu ukazunguka kama pia. Goti halikuhisi chochote. Nilikaa kwenye kochi nikalia, nasema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitafute kazi nyingine.

Tatizo ni kwamba vilikuwa namba 38, nami navaa 40. Ndipo nikaanza kutafuta fundi wa kunitengenezea chini ya viatu vyangu mwenyewe soli kama ile.

Fundi niliyempata yuko upande wa Mbuyuni, kibanda cha mabati kimoja, benchi moja la mteja, na ukutani zimening'inia katambuga za kila saizi maana hizo ndizo zinazomlisha. Ni mzee wa miaka sabini na kitu. Mafundi watatu kabla yake walikwisha niambia kwamba kazi ya fundi viatu ni kuzuia kuteleza, si kuleta. Mmoja alinicheka. Huyu hakucheka. Nilimsalimia, akaitikia marahaba mwanangu, akachukua kile kiatu cha mtumba, akapitisha kidole gumba kwenye soli kwenda mbele, akakirudisha nyuma, akanusa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:

"Unataka kuteleza au kuserereka?"

Nikamwambia babu, si ni kitu kimoja?

"Siyo. Anayeteleza hakupenda. Anayeserereka amejiachia mwenyewe na anajua atasimama wapi. Sasa niambie, ukishageuka unasimamaje?"

Sikuwa na jibu siku ile. Kilichofuata ni miezi minne ya kujaribu, viatu jozi tatu, na soli za aina tano. Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, wacheza dansi, kina dada wa vikundi vya harusi, na yeyote ambaye magoti yake yanauma kila Jumapili asubuhi na hajui kwa nini.

Kabla ya kubandika chochote kwenye kiatu tulipima. Wazo lilikuwa la mpwa wangu, yuko kidato cha nne na fizikia anaipenda. Tulichukua kigae kilichobaki kwenye ujenzi, cha sentimita 60, tukakilaza kwenye meza. Juu yake tukaweka kopo lenye sukari kilo moja, na chini ya kopo tumebandika kipande cha ile soli tunayoipima, ukubwa wa kiganja. Halafu unainua upande mmoja wa kigae pole pole, mwenzako ameshika futi, mpaka kopo linapoanza kushuka lenyewe. Unasoma umeinua kiasi gani. Mpira tuliokata kwenye raba yangu ya zamani uligoma hadi sentimita 39. Katambuga ya fundi, ambayo ni tairi la gari, ilifika 42. Swedi, yaani ngozi ya vinyweleo kama ile ya viatu vya mtumba, ilianza kushuka kwenye 24, ngozi ngumu ya soli kwenye 18, plastiki ya kibao cha kukatia mboga kwenye 13. Teflon, nitakayoieleza mbele, ilikimbia kwenye 7, na hapo mpwa wangu alipiga kelele.

Akanieleza kwamba ukigawanya kule kuinuka kwa umbali wa chini, kutoka kona ya kigae hadi usawa wa ile ncha iliyoinuliwa, unapata kipimo cha msuguano wenyewe. Kwa mpira wetu kilikuwa kama 0.86, swedi 0.44, Teflon haikufika 0.12. Tukaongeza sukari ikawa kilo mbili, nikitegemea kopo zito litashika zaidi. Likashuka pale pale, tofauti haikuzidi sentimita moja. Hilo lilinifundisha jambo moja la kazini: bibi harusi mwembamba na mpambe mnene, kiatu kile kile kwenye sakafu ile ile kitaanza kuserereka kwenye mwinamo ule ule. Nilikuwa nawaambia wanene kwamba wao hawahitaji soli ya kuteleza. Nilikosea, na magoti yao ndiyo yanayobeba zaidi.

Haya, soli zenyewe.

Naanza na moja iliyo nje ya zile tano, sikuhitaji fundi. Ni selotepu ya kahawia ya kufungia makatoni, unabandika vipande vitatu chini ya raba, mbele tu. Wengi wetu tunaifanya. Inateleza vizuri kwa wimbo mmoja, pengine miwili, halafu kingo zinakunjika, vumbi linaingia kwenye gundi, na sasa una kiatu kinachonata kuliko mwanzo. Ukumbi mmoja walinidai hela ya kusafisha michirizi. Kwa dharura sawa, kwa kazi hapana.

Felti, ile sufu iliyobanwa wanayobandika chini ya miguu ya viti visikwaruze sakafu, niliijaribu wiki moja. Kwenye vigae ni tamu, haina kelele. Lakini inakula kila uchafu, na ukikanyaga tone la soda imekwisha, inakuwa sifongo. Fundi alinitahadharisha, nikang'ang'ania. Alikuwa sahihi.

Ngozi ngumu inahitaji maneno zaidi kwa sababu ndiyo babu anayoijua kuliko wote. Hii ni ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, nene milimita nne au tano, ile wazee wetu walikuwa wakiivaa kanisani ikilia ko ko ko. Dawa ya magome mwenyewe anaiita miwati. Miti hiyo inapandwa Njombe tangu enzi za mkoloni, kampuni ya kule ilianza mwaka 1949, magome yanachemshwa kupata dawa ya kugeuza ngozi mbichi iwe ngumu isiyooza. Ngozi haitupi shida huku kwetu, Himo wanatengeneza na Karanga pana kiwanda. Lakini mafundi wengi wa mtaani wameacha kuishona kwa sababu soli za plastiki zinakuja tayari na ni bei chee.

Babu alinikatia nusu soli ya mbele, akailoweka usiku kucha, akaigonga kwa nyundo kwenye chuma ili ikaze, akaishona kwa uzi alioupaka nta ya nyuki. Kazi safi kabisa. Siku za mwanzo ilishika kidogo, kisha kadiri ninavyocheza ikawa inang'aa na kulainika chini, na baada ya wiki tatu ilikuwa inaserereka kuliko ilivyokuwa mpya. Kwa mwanamume anayevaa suti na anayejua kutembea, mimi naipendekeza bila wasiwasi: atavaa ofisini, atavaa harusini, na soli itadumu. Mimi imenishinda kwa mambo mawili. Ni ngumu, haikunjiki na wayo, na mwalimu anasimama juu ya vidole saa tatu mfululizo. Pili, ikilowa inabadilika tabia. Masika yalipoanza nilitoka kwenye bodaboda nikaingia ukumbini, na soli iliyokuwa inaserereka jana ikawa inashika kama mpira hadi ilipokauka.

Kibao cha kukatia mboga, kile cheupe cha plastiki, kilikuwa wazo langu. Nilikiona kinateleza mezani nikikata sukuma wiki, nikakibeba kwenda nacho. Ile plastiki ni polithini ngumu, ndugu na ile ya madumu ya maji, na kuna daraja lake la juu zaidi ambalo viwandani wanalifanya njia za kupitishia minyororo na mikanda kwa sababu halisuguiki haraka. Kuteleza, ni kweli kinateleza. Ila gundi haikikubali. Babu alipaka gundi yake ya njano, akasubiri ikauke nusu, akabana, kesho yake kipande kikatoka chote kizima kama ganda la yai la kuchemsha, gundi yote imebaki upande wa kiatu. Akakikwaruza kwa msasa, akajaribu tena, kikakaa siku nne. Hatimaye akakishona, na ncha yake ikaanza kupasuka kwenye matundu ya uzi. Tulikiacha hapo.

Sasa Teflon. Hii naomba msome kwa makini kwa sababu kuna watu wanaisifia sana na mimi mwenyewe niliisifia kwa siku tisa.

Mnaijua, hata kama mnadhani hamuijui. Ni ule mkanda mweupe mwembamba fundi bomba anaouzungushia kwenye koki maji yasivuje. Ni ile rangi nyeusi ndani ya kikaango kisichoganda. Iligunduliwa kwa bahati tu: tarehe 6 Aprili 1938, mkemia wa Marekani aitwaye Roy Plunkett, aliyekuwa akifanya kazi DuPont, alikuwa na mtungi wa gesi ambao gesi yake haikutoka ingawa uzito wa mtungi ulionyesha imo. Wakaukata, wakakuta gesi imejigeuza kuwa unga mweupe unaoteleza. Viwandani wanaiuza kwa mabamba. Mimi nilipata kipande cha milimita tatu kwenye karakana moja ya mashine, kilibaki walipokata washa za pampu, wakanipa kwa elfu kumi.

Ukiishika mkononi ni kama sabuni kavu. Ina sifa moja ambayo kwa mchezaji ni kubwa, na niliihisi kabla sijaielewa. Mpira, kabla haujaanza kusogea, unashika kwa nguvu, kisha unaachia ghafla, unashika tena. Ndiyo maana raba zinalia kwenye vigae na ndiyo maana goti linapata ule mshtuko. Teflon haina mshtuko huo. Nguvu ya kuianzisha na nguvu ya kuiendeleza zinakaribiana, kwa hiyo mguu unaondoka kimya kimya, kama boti inaachia gati. Niligeuka mara tatu kwa msukumo mmoja, umri wangu huu, mimi niliyekuwa nachechemea mwezi wa tatu.

Kuibandika ilikuwa mtihani kuliko kibao. Kitu kisichogandwa na ugali kitagandwaje na gundi? Viwandani huwa wanauunguza upande mmoja kwa kemikali yenye sodiamu ndipo gundi ishike, jambo ambalo hakuna wa kulifanya Mbuyuni na wala si la kulifanyia nyumbani. Babu alikaa nacho kile kipande siku mbili. Alichofanya mwishoni bado nakisimulia: alichimba mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wote kwa ncha ya kisu alichokinoa, akatoboa matundu ndani ya mfereji, akashona kwa uzi wa nailoni kiasi kwamba uzi umelala ndani, chini ya uso wa bamba, hausuguliwi na sakafu. Hakuna msumari, kwa hiyo hakuna kukwaruza vigae vya watu. Mshono mmoja mmoja niliuhesabu: 46 kila kiatu. Kwa kazi ile alinitoza elfu 25, nami nilimwongezea tano.

Siku ya kumi ilikuwa harusi. Naongoza wapambe, tunaingia na ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, mnajua wenyewe furaha ya ndafu inavyoingia na vigelegele. Mimi niko mbele kabisa narudi kinyumenyume nikiwahesabia. Ndafu ilikuwa imetoka kubanikwa, inadondosha mafuta, na tone moja lilikuwa njiani. Mguu wa kushoto ulikwenda. Nikaweka wa kulia kusimama, nao ukaenda, kwa sababu yote miwili ina Teflon na hata kisigino babu alikivalisha, mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilishika kiti, kiti kikaja nami. Niliangukia mkono, kifundo kikavimba wiki nzima. Kilichonikaa moyoni si mkono. Ni kwamba nyuma yangu kulikuwa na vijana wawili wamebeba sinia la ndafu, na wangeweza kunikwaa.

Nilirudi kwa babu na bandeji. Akatazama mkono, akatazama viatu. "Nilikuuliza unasimamaje," akasema, basi, hakusema zaidi.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza, na nimejua kwamba hata wanaotumia Teflon kwa michezo hawaivai miguu yote. Kuna mchezo wa nchi za baridi unaitwa curling, mchezaji anaserereka juu ya barafu akisukuma jiwe. Anayetumia mkono wa kulia huvaa soli ya Teflon mguu wa kushoto peke yake, mguu wa kulia una mpira wa kujisukumia. Bowling pia, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kuangusha vigingi, kwa wanaotumia mkono wa kulia: kiatu cha kushoto kinaserereka, cha kulia kinashika. Kila mahali mtu alipoweka mtelezo ameweka na breki. Mimi niliweka mtelezo tu. Na bado Teflon tupu ina kasoro ya pili: ni laini. Baada ya siku tisa tu pale panapokaa uzito wa dole gumba palikuwa pamebonyea na kusagika, unaona kwa macho. Viwandani huichanganya na nyuzi za kioo au unga wa shaba ndipo idumu.

Tukarudi kwenye swedi, kule tulikoanzia.

Swedi ni upande wa ndani wa ngozi, ule wenye vinyweleo, na hii ya soli hutengenezwa kwa dawa ya kromu ndiyo maana ni laini na inakunjika. Babu anatumia ya milimita mbili hivi. Anaipata kwa wanaoshona mikoba na mikanda, mabaki yao, kwa hiyo rangi huchagui. Yangu ni kijani. Kwenye kigae chetu ilipata 24, yaani iko kati: hailingani na mpira na haikimbii kama Teflon. Mwanzoni niliona kama ni kushuka daraja. Baada ya wiki ya kwanza nilielewa kwamba hapo katikati ndipo penyewe. Mguu unazunguka ukiuzungusha. Usipouzungusha unakaa.

Namna alivyoikata ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo mafundi wengine wanapokosea wakipewa picha ya simu. Kwanza alinivalisha viatu nikageuka mara kumi juu ya karatasi ya msasa aliyoitandaza sakafuni, apate alama mpira unapokwaruzika. Alama ilitoka kama mwezi mchanga chini ya vidole vitatu vya kwanza, imeegemea dole gumba. Akanyoa mpira wa raba sehemu ile kwa kisu hadi upungue unene wa swedi, ili kipande kikikaa kiwe sawa na soli yote, kisijitokeze. Kikijitokeza unacheza ukiwa umeinuka mbele, na mgongo utakuambia. Akapaka gundi pande zote mbili, akaacha dakika kumi, akaipitisha karibu na jiko la mkaa ipate joto, akabana, akagonga kutoka katikati kwenda kingoni. Kisigino kimebaki mpira mtupu. Swali lake nikalipatia jibu: nasimama kwa kisigino.

Mpaka leo ni miezi saba. Gundi imeachia mara moja tu, kona ya nje, akairudishia bure.

Swedi inataka kutunzwa na asiyeweza asiianze. Vinyweleo vinalala na kuziba kwa vumbi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua, kisha inakuwa ngumu na kuanza kuteleza ovyo. Nina brashi ndogo ya waya, ile ya kusugulia plagi za pikipiki, elfu mbili. Kila baada ya mazoezi naipiga mswaki kwenda upande mmoja mpaka vinyweleo visimame. Sakafu ikiwa inateleza sana napiga zaidi, ikiwa inashika napunguza. Sivai barabarani hata hatua moja, vinakaa kwenye mfuko wa kitambaa, navivalia ukumbini. Maji ni adui. Zikimwagika soda nazunguka pembeni. Na tafadhali sana, wale wanaomwaga poda ya watoto sakafuni ili wageuke vizuri, acheni: poda inaziba swedi, na shangazi anayekuja kutuza na viatu vyake vya kisigino hana habari kwamba umemwaga.

Kwa harusi za bustanini, kwenye nyasi au zege lisilopigwa lipu laini, swedi haina kazi na itachanika. Hapo navaa raba za kawaida na nimeondoa mizunguko yote ya mguu mmoja kwenye ngoma ninazopanga. Nainua mguu, naugeuza hewani, naushusha.

Kuhusu huduma ya babu. Kipande cha swedi jozi moja ni elfu 15, ngozi ngumu nusu soli ni elfu 30 na unangoja siku tatu. Fedha taslimu au simu, vyote anapokea, risiti hana. Hapokei simu akiwa anashona na anashona kutwa, kwa hiyo nenda mwenyewe, asubuhi, kabla jua halijaingia kibandani. Ahadi yake ya kesho ijumlishie siku moja. Mara moja alinichelewesha hadi nikaenda kufundisha na viatu vya mtu, na nilikasirika. Anakataa kazi nyingine: raba zenye soli yenye uwazi ndani hazishiki kipande, atakuonyesha kwa kubonyeza, na viatu vya kisigino kirefu chembamba hagusi kabisa. Nilimpelekea pia viatu nilivyouziwa duka moja Arusha kwa jina la viatu vya dansi, plastiki ngumu chini, vilivyopasuka katikati ya wiki ya pili. Alivirudisha bila kuchukua hela yangu. Kwa hilo peke yake nampa alama zote.

Sasa wanakuja kwake wapambe wangu. Ninapoanza na kikundi kipya nawaambia kila mmoja alete raba atakazovaa siku yenyewe, nazibeba kwenye mfuko wa salfeti, jozi 10 au 12, bei inashuka hadi elfu 12 kwa jozi. Kikundi cha mwezi uliopita dada mmoja aliniuliza kwa nini kisigino hakuwekewa, akidhani fundi amebana ngozi. Nikamwambia avivae, azunguke mara moja, halafu asimame. Alizunguka, akashusha kisigino, akasimama wima mbele yangu bila kuyumba. Mfuko wa Ijumaa una jozi 11, na namba 44 mbili za kaka wa bibi harusi ambao wanasema hawachezi.